Uzi: Kuinua nyuma ya pikapu nyumbani, kazi tuliyoifanya Himbi na breki niliyoisahau

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu wenye pikapu, salamu. Wiki chache zilizopita nilimaliza kuinua sehemu ya nyuma ya Hilux yangu, kazi niliyoifanya uani kwangu pamoja na mdogo wangu kwa muda wa siku mbili. Kwa kuwa watu kadhaa wamekuwa wakinisimamisha barabarani na kuniuliza, naona ni vema niieleze yote hapa, pamoja na kosa ambalo lilinitia hofu kubwa nilipokuwa nikiteremka kuelekea Sake na shehena ya viazi.

Nitaanza na sababu ya kuinua, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Hapa Goma mtu hugonga difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kwenye jiwe la volkano, hukasirika, kisha huenda moja kwa moja kwa fundi na kumwambia amwinulie gari. Lakini nyuma ya Hilux kuna ekseli ngumu, yaani mrija mmoja wa chuma unaotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu ikiwa katikati yake, na mrija huo unabebwa na magurudumu yenyewe. Ukiongeza jani la springi, bloki au jumeli ndefu, vitu nitakavyovieleza hapa chini, kinachopanda ni chasisi na bodi vilivyo juu ya springi. Difu hubaki palepale, kwa sababu umbali wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake: tairi lililozidi la zamani kwa sentimita 5 za kipenyo litaipandisha difu kwa sentimita 2 na nusu, na hakuna springi duniani itakayofanya hivyo kwa niaba ya tairi. Kwa hiyo yule anayeteseka kwenye vichochoro ambavyo lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 iliviachia miamba, ajue kwamba kuinua nyuma kutamsaidia kulinda tangi la mafuta, eksozi na bampa, na kutampa nafasi ya kuweka tairi kubwa zaidi, ila difu yake itaendelea kugonga mpaka atakapobadilisha tairi.

Sababu yangu mimi ilikuwa nyingine. Gari lilikuwa limelala nyuma. Kila niliporudi na magunia kutoka upande wa Masisi, ekseli iligonga mpira wa kizuizi chini ya chasisi kwenye kila shimo, taa za mbele zilimulika matawi ya miti badala ya barabara, na usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari lisilokuwa na magurudumu ya mbele. Nilipima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, gari likiwa tupu na limesimama mahali tambarare, nikakuta upande wa kushoto umezama kuliko wa kulia kwa sentimita 1 na nusu. Nawasihi mpime hivyo pembe zote nne kabla ya kufungua nati hata moja, na mwandike kwenye karatasi, kwa sababu gari likishafunguliwa hakuna mtu atakayekumbuka lilivyokuwa.

Njia za kuinua nyuma yenye springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo garaji zetu huziita resori, ni chache. Unaweza kuweka bloki ya chuma kati ya ekseli na springi, na bloki ya sentimita 5 hukupa sentimita 5 kamili, lakini haiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja. Springi iliyochoka hubaki imechoka, ila tu iko juu zaidi. Unaweza kurefusha jumeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza jicho la nyuma la springi kwenye chasisi, na hapo jumeli iliyoongezwa sentimita 5 hukupa kama nusu yake tu, kwa kuwa mwisho mmoja wa springi ndio unaoshuka na ekseli iko katikati. Unaweza kuongeza jani moja katika mkusanyiko uliopo, au kununua springi mpya kabisa. Mimi nilichagua jani refu la kuongeza kila upande, kwa sababu tatizo langu lilikuwa mzigo. Jani refu lililopinda vizuri hugawa uzito kwenye sehemu kubwa ya springi, wakati jani fupi na nene hufanya kazi katikati tu, na gari tupu huruka kama mbuzi.

Mama wa Ndosho (Goma)

Kaka, nashukuru kwa maelezo. Mimi nina pikapu inayopeleka makaa na maharage sokoni, na fundi mmoja ameniambia aniwekee bloki ya sentimita 10, au aweke bloki mbili za sentimita 5 moja juu ya nyingine kwa kuwa hizo anazo tayari. Bei yake ni nafuu kuliko majani. Je, nikubali?

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Mama, tafadhali usikubali, hasa lile la bloki mbili. Kila unapokanyaga mafuta, ekseli hutaka kujizungusha kinyume na magurudumu, na kinachoizuia ni springi kupitia yubolti, zile boliti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Bloki ikiwa ndefu, inakuwa kama mkono wa spana mikononi mwa ekseli: inapata nguvu ya kuikunja springi iwe na umbo la herufi S, na hapo utahisi nyuma ikidundadunda unapoondoka na mzigo kwenye mlima. Bloki mbili zilizopandana zina mahali pawili pa kuteleza badala ya mahali pamoja tu. Siku moja ikichomoka upande mmoja, ekseli itakaa mshazari barabarani na hakuna dereva atakayelishika gari hilo. Kwa gari lako, ambalo nalo linalala kwa sababu ya mzigo, bloki hazitakutatulia kitu, maana uzito ule ule utaizamisha springi ile ile. Weka pesa hizo kwenye majani au springi mpya, hata kama itakubidi kungoja mwezi mmoja zaidi.

Sasa niendelee na kazi yenyewe.

Jambo lililotuchukua asubuhi nzima ni kulisimamisha gari salama, na sijutii saa hata moja kati ya hizo. Uani kwangu, kama ua nyingi za mji huu, ni kokoto za lava zilizotandazwa juu ya mwamba usio sawa. Jeki au kriki ikikaa juu ya kokoto hizo huzama upande mmoja polepole, na unapokuja kuliona gari limeinama, tayari limechelewa kushikika. Tuliondoa kokoto, tukatandika mbao nne nene, na juu ya mbao tukaweka stendi za chuma zenye miguu mipana. Nimeona watu wakipandisha gari juu ya mawe meusi tunayojengea nyumba. Mawe hayo yana matundu ndani kwa sababu ya gesi iliyokuwa kwenye lava, na jiwe linaloonekana zima linaweza kupasuka ghafla likibebeshwa nguvu mahali padogo. Tofali la saruji pia si stendi. Kisha kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: breki ya mkono ya Hilux inashika magurudumu ya nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyo hewani. Kinacholizuia gari lisitembee ni kabari za magurudumu ya mbele tu, kwa hiyo ziwe kabari za kweli, mbele na nyuma ya kila tairi.

Stendi ziliwekwa chini ya chasisi, mbele kidogo ya mahali springi inapoanzia, na jeki ya pili yenye magurudumu ikaachwa chini ya difu ili iweze kuishusha na kuipandisha ekseli taratibu. Nati za yubolti tulikuwa tumezilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu siku mbili kabla. Hewa yetu yenye moshi wa volkano na mvua yake ya asidi hula mabati ya nyumba, sembuse nati zilizo chini ya gari, na mbili kati ya nane hatukuzifungua ila kwa kuzikata. Tulifanya upande mmoja mpaka mwisho ndipo tukaenda wa pili, ili ule uliofungwa uishike ekseli mahali pake. Shokapu, au amortiseri kama tunavyosema wengi wetu, zilifunguliwa chini, kisha ekseli ikashushwa huku mdogo wangu akiwa na kazi moja tu: kuangalia mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Ekseli isining'inie kwenye mpira huo hata kwa dakika moja.

Kabla ya kufungua boliti ya kati inayoshikilia majani pamoja, tulibana majani kwa klampu mbili, moja kila upande wa boliti, kwa sababu majani yale yamebanwa yakiwa na mvutano na yakiachiwa ghafla yanaweza kuvunja mkono. Jani jipya linaingia kulingana na urefu wake, chini ya lile linalolizidi na juu ya lile linalozidiwa nalo. Tulisugua kutu kwa brashi ya waya, tukakagua kila jani kwa tochi kutafuta nyufa karibu na tundu la kati, tukaweka boliti mpya ndefu zaidi, kisha tukabana klampu polepole mpaka majani yakakutana ndipo tukakaza nati.

Wakati wa kurudisha, kichwa cha boliti ya kati lazima kiingie katika tundu lililo juu ya kiti cha ekseli. Hilo linaonekana dogo. Ukikaza yubolti kichwa kikiwa kando ya tundu, gari litatembea vizuri siku kadhaa, kisha ekseli itasogea na tairi moja litakuwa mbele ya lingine. Tulipandisha jeki kwa subira, tukiongoza kwa mtaimbo, mpaka tukasikia kichwa kimeketi. Nati nne za kila upande zilikazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, na tukahakikisha nyuzi zinazobaki juu ya nati ziko sawa pande zote. Boliti za bushi za mpira kwenye macho ya springi hatukuzikaza mpaka gari lilipokuwa chini likisimama kwa uzito wake, kwa maana mpira uliokazwa ekseli ikiwa inaning'inia hubaki umesokotwa na hupasuka mapema.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, kazi yako ni safi, na nimefurahi kuona mtu anayekagua majani kwa tochi. Nina mambo mawili ya kuongeza, kwa kuwa naona hukuyasema waziwazi.

La kwanza ni yubolti. Umesema mbili zilikatwa. Natumaini hukurudisha zile nyingine. Yubolti ikikazwa hujivuta kidogo kama mpira mgumu, na mvuto huo ndio unaobana springi kwenye ekseli. Iliyokwisha kuvutwa miaka mingi, ikiwa na kutu kwenye nyuzi, haiwezi kutoa ubanaji ule ule hata ukiikaza mpaka jasho likutoke. Zibadilishwe zote nne pamoja na nati zake, na ziwe na urefu unaofaa, maana jani jipya limeongeza unene wa mkusanyiko. Nguvu ya kukaza isomwe kwenye kitabu cha gari na ipimwe kwa spana yenye kipimo, si kwa kuruka juu ya bomba.

La pili ni majani ya kuokoteza. Hapa Bukavu, kwa sababu ya milima yetu na matope ya barabara za Walungu na Kalehe, watu wanapenda sana kuchukua jani la lori kuukuu, kulikata kwa gesi na kulipinda kwa moto ili liingie kwenye pikapu. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalum. Ukikipasha kwa mdomo wa gesi mpaka kiwe chekundu, mahali hapo panakuwa ama laini kama msumari ama pagumu kama kioo, na vyote viwili huishia kuvunjika. Vivyo hivyo kuchomelea: asichomelee mtu kitu chochote juu ya jani la springi.

Nina swali pia. Uliifanya nini valvu ya breki?

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Mzee, yubolti zote zilikuwa mpya, nilizinunua Birere pamoja na boliti za kati. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niufungue uzi huu.

Sikuifanya kitu. Sikujua hata kwamba ipo. Tulimaliza kazi, nyuma ikapanda sentimita 4 upande wa kulia na 5 na nusu upande wa kushoto, kwa hiyo gari likawa sawa, nami nikaenda kuchukua viazi kwa furaha. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko mrefu unaoingia Sake, nilihisi breki za mbele zinafanya kazi peke yake. Pua ya gari ilikuwa ikiinama sana, pedali ilikuwa ikizidi kushuka, na harufu ya breki zilizochomeka ikaingia ndani. Nilirudi kwenye gia ya kwanza, nikajiegesha kando ya mlima na kungoja mpaka vyuma vikapoa. Nyuma kulikuwa na watu wawili wamekaa juu ya magunia. Siwezi kusahau jinsi walivyoniuliza kwa upole kama tumefika.

Kwa wasioijua, Hilux nyingi zina valvu iliyofungwa kwenye chasisi juu ya ekseli, ikiunganishwa na ekseli kwa kijiti chenye springi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chasisi iko mbali na ekseli, na valvu hupunguza mgandamizo wa mafuta yanayokwenda kwenye breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasifunge na gari lisizunguke. Gari likijaa, chasisi hushuka, kijiti husukumwa, na valvu huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Sasa sisi tumeinua chasisi kwa sentimita 5 na tumeongeza jani linaloizuia isishuke kwa mzigo. Valvu inaona umbali mkubwa na kuamini kwamba gari ni tupu, huku juu yake kuna karibu tani moja ya viazi. Breki za mbele ndizo zinazobeba deni lote.

Dawa yake ni ndogo sana ikilinganishwa na hatari yake. Mahali kijiti kinapofungwa kwenye ekseli, nilifunga kipande cha chuma kinachokipandisha kwa kiasi kile kile nyuma ilichoinuka, nikitumia wastani wa vipimo vyangu, ili pembe ya kijiti irudi ilivyokuwa kabla ya kazi. Halafu nilikwenda kwa fundi mwenye geji za mgandamizo wa breki ili ahakikishe kwa vipimo vya kitabu cha gari. Kuna watu wanaoiondoa valvu hiyo kabisa na kuunganisha mabomba moja kwa moja. Msifanye hivyo, kwa sababu gari tupu kwenye tope au lami yenye mvua litafunga magurudumu ya nyuma kwanza, na nyuma itataka kupita mbele.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Umesema vema, na Mungu amewahifadhi. Ongeza kwamba mpira wa breki, nyaya za breki ya mkono na kile kibomba cha kupumulia difu vyote vikaguliwe ekseli ikiwa imeshuka mpaka mwisho wake. Shokapu za zamani nazo, kama ni fupi, ndizo zitakazoizuia ekseli isishuke, na zitang'oka kwenye vishikizo vyake. Kipimo ni rahisi: shusha ekseli, na ukikuta shokapu imenyooka kabisa kabla springi haijafika mwisho, nunua ndefu zaidi.

Dereva wa Kampemba (Lubumbashi)

Wakubwa wangu, nimewafuata tangu mwanzo. Sisi huku tuna lami ndefu ya kwenda Likasi, na tatizo langu si mawe. Niliweka jumeli ndefu, na tangu siku hiyo gari linatetema sakafuni nikifika kilomita 80 kwa saa, kisha mtetemo unapungua nikiachia mafuta. Nimesawazisha magurudumu mara mbili bila mafanikio. Isitoshe, usukani haurudi wenyewe kama zamani baada ya kona.

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Mdogo wangu, acha magurudumu, angalia kadani, ule mrija mrefu unaopeleka mzunguko wa injini kwenye difu. Jumeli ndefu imeshusha mwisho wa nyuma wa springi, kwa hiyo ekseli imejigeuza na pua ya difu imetazama juu. Viungio vya kadani hutembea bila mtetemo pale tu pembe za viungio vyake zinapolingana na kufutana. Ukibadilisha pembe ya difu peke yake, mzunguko unakuwa wa kukimbia na kupunguza mara mbili katika kila duru, na huo ndio mtetemo unaousikia unapovuta kwa nguvu. Tena, Hilux nyingi zina kadani ya vipande viwili yenye beringi katikati, na beringi hiyo hudhurika kwanza. Pima pembe ya difu na ya kadani kwa kipimo cha pembe, hata kile cha simu kikishikwa vizuri juu ya mahali palipochongwa sawa. Kuna kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na kiti cha ekseli ili kuirudisha pua ya difu chini, na kuna vipande vya kuishusha beringi ya kati kidogo. Kabari ziwe za chuma, na boliti ya kati ipite ndani yake.

Kuhusu usukani, ukiinua nyuma bila kuinua mbele, gari zima linainamia mbele. Umbali kati ya ekseli mbili za Hilux ya sasa ya milango minne ni milimita 3085. Ukiinua nyuma sentimita 5, mwinamo ni karibu nyuzi 1, na nyuzi hiyo inaondolewa kwenye ile pembe ya magurudumu ya mbele inayofanya usukani ujirudishe. Kwa gari linalotembea likiwa limebeba siku zote, mzigo huirudisha sehemu kubwa ya pembe hiyo. Kwa lako linalokwenda Likasi tupu, peleka mbele ikapimwe upya, na taa zirekebishwe siku hiyo hiyo.

Mama wa Ndosho (Goma)

Kaka, nimemwambia fundi wangu kwamba nitangoja majani. Lakini naomba unijulishe, baada ya kutembea, kitu chochote kililegea?

Mkaaji wa Himbi (Goma)

Ndiyo, Mama. Baada ya kilomita 100 za kwanza nilizikaza tena yubolti zote, na kila nati ilikubali karibu robo ya mzunguko, kwa sababu rangi na kutu iliyobaki kati ya majani husagika na mkusanyiko hupungua unene. Nilizipima tena nilipofika kilomita 500, na safari hiyo hakuna iliyosogea. Nyuma imeshuka kwa milimita 6 kutoka kipimo cha siku ya kwanza, pande zote mbili sawa. Jumapili iliyopita niliteremka tena kuingia Sake na magunia idadi ile ile, nikasimama chini kabisa na kuweka mkono karibu na magurudumu yote manne: ya nyuma yalikuwa na joto kama ya mbele.